Matonge Mawili ya Baba

Ushirombo,
3 Mei 1981

Kaka Leodgar,

Shikamoo. Huku sisi ni wazima, kuku ni wazima, hata yule jogoo uliyemlaani Krismasi bado yupo na bado anawika katikati ya mahubiri. Wasiwasi wangu ni juu ya Baba. Ukiona hesabu nyuma ya karatasi hii usishangae, madaftari mapya hayapatikani madukani, nimechana la zamani.

Baba hali. Hakatai, unamjua. Kwetu mtu akitengewa chakula lazima aonje, hata kama amekasirika. Ananawa, anakaa, anakata tonge la kwanza, anakata la pili, ananishukuru kwa Kisukuma, "Wabeja, mwanangu, kimekuwa kitamu," halafu anaisukuma sahani. Matonge mawili, kaka, kila jioni, tangu Kwaresima ilipoanza. Nilidhani anafunga kwa ajili ya Mama, nikavumilia. Pasaka ikafika, na kuku wa Pasaka tukamla mimi na paka.

Mchana hashindi nyumbani. Asubuhi anakunywa uji, anapanda baiskeli, anakwenda porini kutazama mizinga yake ya nyuki. Jumanne na Alhamisi anapitia darasa la kisomo cha watu wazima, ambako anasema bado anahangaika na silabi. Anarudi jua likiwa limelegea, amechoka, na hana hamu ya kitu.

Sasa jambo la pili, na hili ulifunge moyoni. Barua ya Chuo cha Ualimu Tabora imekuja. Nimechaguliwa, naripoti tarehe 13 Julai. Niliisoma mara nne nimesimama, kisha nikaifunga kwenye mfuko wa nailoni nikaizika chini kabisa ya debe la unga. Baba hawezi kusoma barua ya namna hiyo, lakini sitaki hata aone bahasha yenye muhuri. Mama hajatimiza mwaka kaburini. Nikiondoka na mimi, nani atamtengea hayo matonge mawili? Sitakwenda. Usimwambie, na usinibishie.

Mdogo wako,
Anisia


Dar es Salaam,
17 Mei 1981

Mdogo wangu Anisia,

Marahaba. Nakubishia.

Ila nianze na Baba, maana barua yako imenikuta nimetoka darasani kichwa kikiwa bado cha moto. Mwalimu wetu Dokta Herman ametufundisha kitu ambacho sijapata kukisikia. Mtu akila mafuta au nyama, chakula kikiingia utumbo mwembamba, ukuta wa utumbo unatoa homoni inayoitwa kolesistokinini. Usijaribu kuitamka ukiwa na ugali mdomoni. Kazi yake ya kukamua kibofu cha nyongo inajulikana tangu zamani. Jipya ni kwamba inaupa ubongo habari: chakula kimefika, sasa tosha.

Wataalamu walimchoma panya mwenye njaa sindano ya homoni hii, akaacha kula mapema. Akajisafisha uso na masharubu, akazungukazunguka kidogo ndani ya kizimba, kisha akajilaza. Ndivyo anavyofanya panya aliyeshiba chakula cha kweli, hatua kwa hatua, hakosei. Na homoni hiyohiyo imekutwa ndani ya ubongo wenyewe. Inafanya nini huko, Dokta Herman anasema wakubwa bado wanabishana.

Nimewaza siku tatu na nimepata jibu. Huzuni ya Mama imeufanya mwili wa Baba utoe "tosha" nyingi kupita kiasi. Kwa hiyo usiichokoze homoni. Mpikie ugali na mboga ya kuchemsha, bila mafuta, bila karanga, bila mchuzi wa nyama. Na umpime uzito. Binamu yetu Makoye si ndiye mpimaji kwenye godauni la pamba? Ununuzi ukianza, mpeleke Baba kwenye mzani. Niandikie kila kitu anachofanya, hata kama ni kidogo.

Kuhusu Tabora, utakwenda. Ikifika mwisho wa Juni Baba hajapata nafuu, mimi nitakuja kukaa naye. Mitihani inaanza tarehe 6 Julai, nitaikosa, nitarudia mwaka. Mwaka unarudiwa. Nafasi yako hairudi.

Kaka yako,
Leodgar


Ushirombo,
5 Juni 1981

Kaka,

Shikamoo. Dawa yako imeleta balaa. Wiki mbili nimepika ugali na mchicha wa kuchemsha kama wa mgonjwa. Baba ameshuka kutoka matonge mawili hadi moja. Juzi alilitafuna hilo moja kwa muda mrefu, akasema, "Wabeja, mwanangu. Leo umepika kwa uangalifu sana." Paka amehamia kwa jirani.

Jana tulikwenda kwenye mzani. Makoye alicheka mpaka akashika kiuno. Alimkalisha Baba ndani ya shuka la kubebea pamba, akafunga ncha zake, akamtundika kwenye ndoano pale wanapotundika mizigo. Foleni nzima ya wakulima ikapiga makofi. Mmoja akauliza kama hiyo ni pamba safi au fifi, ile ya daraja la chini. Baba akajibu akiwa hewani, "Fifi, lakini ya shamba zuri." Kilo sitini na moja. Sijui zamani alikuwa ngapi, hatukuwahi kumtundika.

Uliniambia nikuandikie kila kitu, basi hiki hapa. Akishaonja, anajifuta masharubu kwa kitambaa. Halafu anauzunguka ua taratibu, anachungulia banda la kuku, anagusa baiskeli. Halafu anajiegemeza kwenye kiti chake na rozari mkononi, na kabla hajafika fumbo la pili amesinzia. Sioni kama kuna maana yoyote.

Kuhusu kukosa mitihani, ukithubutu nitakupokea stendi kwa mwiko. Mama alifariki akiwaambia wanawake wa jumuiya kwamba mwanawe ni daktari, na ulikuwa hujamaliza hata muhula wa kwanza. Usimfanye mwongo.

Anisia


Dar es Salaam,
13 Juni 1981

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimesoma barua yako. Anajifuta masharubu, anazunguka ua, anajilaza. Anisia, ni yuleyule panya. Mwili wake umejaa hiyo homoni, na mtu asiyekula haishi kwa uji wa asubuhi peke yake. Nimekuwa nikimwona Baba ubaoni kila mwalimu anapochora utumbo.

Nimekata tiketi ya treni ya tarehe 30 Juni. Wenzangu wamenishauri nisubiri nimalize mitihani kwanza, nikawaambia wao wana baba wengine. Wewe anza kufua nguo zako za kwenda Tabora, na umpime tena wiki mbili zikipita, nijue nakuja kukuta nini.

Leodgar


SIMU YA MAANDISHI
KAHAMA 20 JUNI 1981
LEODGAR TELESPHORI, CHUO CHA UDAKTARI, DAR ES SALAAM

BABA KANENEPA. USIJE. BARUA INAFUATA. ANISIA


Ushirombo,
21 Juni 1981

Kaka Leodgar,

Shikamoo. Karani wa posta Kahama aliniuliza mara mbili kama kweli nataka kulipia maneno hayo. Nikamwambia ayapeleke kama yalivyo.

Ijumaa nilimrudisha Baba kwenye mzani. Shuka lilelile, ndoano ileile. Kilo sitini na tatu na nusu. Makoye akaugonga mzani, akamshusha, akampandisha tena. Ikawa sitini na tatu na nusu. Baba akatazama pembeni, akasema labda ni viatu. Alikuwa amevaa ndala.

Nikarudi nyumbani nikaketi na barua zako. Uliniandikia kwamba panya aliyechomwa sindano anafanya kama panya aliyeshiba. Wewe msomi ukaiona sindano. Mimi mpishi nikajiuliza, je, kama panya ameshiba kweli?

Hapo macho yakanifunguka. Mtu anayetazama nyuki kila siku kwa miezi mitatu, mbona hajaumwa hata mara moja? Mbona anarudi ananukia vitunguu badala ya moshi? Na mkono wa shati lake ulikuwa na doa la mafuta, wakati duka la kijiji halijaona mafuta ya kula tangu Februari. Nimekuwa nikilifua doa hilo kila Jumamosi bila kulifikiria. Elimu ya darasani ni nzuri, lakini hata kufua kunahitaji akili.

Leo baada ya misa nilibeba karanga kwenye kapu, nikaenda kuziuza machimboni Kagulu, huko ambako vijana wanatafuta dhahabu, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu. Sikulazimika kuuliza. Baiskeli ya Baba ilikuwa imeegemea kibanda cha mama mmoja anayewapikia wachimbaji. Anaitwa Ghati. Ni Mkurya, mjane, mumewe alikuja huku kuchimba na akafia huku. Nilisimama nyuma ya lundo la kuni. Baba yetu, kaka, alikuwa ameketi kwenye kigoda, amefunga khanga kiunoni, anamenya muhogo. Pembeni yake bakuli la makongoro, mchuzi mzito wa kwato za ng'ombe, mafuta yanaelea juu. Ghati akamwambia, "Telesphori, kula, hiyo ni sehemu yako, wachimbaji wataimaliza." Baba akajibu kitu nisichokisikia, na wote wawili wakacheka. Sikuwa nimesikia kicheko hicho tangu Agosti.

Nikageuka nikarudi na karanga zangu. Njiani nililia, sitakuficha. Nililia kwa ajili ya Mama, kisha nikalia kwa hasira, nikikumbuka mchicha wa kuchemsha niliokula wiki mbili kwa ajili ya mtu anayekula makongoro. Nilipofika kwenye daraja nikaikumbuka ile khanga kiunoni, ikabidi niketi chini nicheke.

Sasa nimekwama. Unajua watu wa huku wanavyosema, mwanamume akionekana anakula kwa mwanamke mara tatu, wanauliza ndoa ni lini. Ndiyo maana Baba hawezi kuniambia ameshiba, maana nitamuuliza ameshibia wapi. Na mimi nikisema nimemwona, nitamvunjia heshima. Kwa hiyo jioni nimempikia, ameonja mawili, amenishukuru, na mimi nimeitikia. Hizi ni siku ishirini na mbili kabla ya Tabora na barua bado iko kwenye unga.

Anisia


Dar es Salaam,
29 Juni 1981

Mdogo wangu Anisia,

Marahaba, na uniamkie mara mbili kwa kunitia hofu. Simu yako ilisomwa kwa sauti mbele ya bweni zima. Sasa hapa naitwa Baba Kanenepa.

Nilimpelekea Dokta Herman habari zote. Alisikiliza, akavua miwani, akaifuta. Akasema, "Ulianza na ugonjwa kabla ya kuuliza mgonjwa amekula nini. Dada yako anasomea nini?" Nikamwambia ualimu, kama akikubali. Akasema nikuombe ukubali.

Tiketi nimerudisha. Nimeketi kusoma, na safari hii maneno yanaingia. Kuhusu huyo mama wa Kagulu, nilikaa nikajaribu kukasirika nikashindwa. Kila nikianza namwona Baba na khanga. Mama alikuwa anasema baba yenu akicheka nyumba inapata joto. Kama bado anaweza kucheka, mimi nashukuru aliyemchekesha.

Ila wewe ndiye uliye hapo. Namna ya kumwambia siijui. Najua tu kwamba Baba ni mtu asiyekataa kuonja kitu alichotengewa. Mengine nakuachia.

Leodgar


Kagulu,
5 Julai 1981

Mwanangu Leodgar,

Marahaba. Hujaniamkia, lakini naitanguliza.

Barua hii naandika kwa mkono wangu. Katekista aliyekuwa akiniandikia hakunisaidia. Ukiona mistari inapanda mlima, ujue ni meza ya Ghati. Mguu mmoja ni mfupi.

Jana Anisia alinitengea chakula. Nilinawa. Nilifunua sahani. Ugali haukuwepo. Kulikuwa na barua. Akasema, Baba, onja.

Niliisoma. Niliisoma yote kwa sauti, mpaka jina la mkuu wa chuo. Anisia akaanza kulia. Akaniuliza, Baba, umejua kusoma hivi tangu lini?

Nikamwambia ukweli. Barua hiyo tulishaonana. Mwezi wa tano niliingiza mkono kwenye debe. Nilitaka unga kidogo wa kuku. Nikagusa nailoni. Nikaenda nayo bandani. Nikasoma neno moja, nikapumzika, nikasoma lingine. Jua liligeuka bado nasoma. Kitabu cha kisomo kina jembe, kina pamba, kina ng'ombe. Hicho nakijua chote. Lakini nje ya kitabu nilikuwa sijasoma kitu. Kitu cha kwanza nilichosoma duniani kilikuwa jina la mwanangu. Anisia Telesphori. Amechaguliwa.

Nikairudisha kwenye unga. Nikasubiri aniambie. Hakuniambia. Nikajua anabaki kwa ajili yangu.

Ghati tulikutana darasani. Vitabu ni vichache, tulipewa kimoja sisi wawili. Yeye anasoma haraka kuliko mimi. Alikuwa ananingoja mwisho wa ukurasa. Hivyo ndivyo ilivyoanza. Ninakula kwake tangu Kwaresima. Niliona aibu kukwambieni. Nikisema nakula kwa mwanamke mwingine, Anisia atadhani namfukuza kwenye nyumba ya mama yake. Nisiposema, hataondoka. Nikabaki naonja. Mchicha ule wa kuchemsha ulikuwa adhabu, na niliistahili.

Tumekubaliana. Misa ya mwaka ya mama yenu kwanza. Baadaye tutafunga ndoa. Anisia amekubali. Nakuomba na wewe.

Namsindikiza stendi tarehe 12. Faulu mitihani.

Mimi baba yako,
Telesphori


Tabora,
26 Julai 1981

Kaka Leodgar,

Shikamoo. Nimefika, nimepewa kitanda cha juu, na maharage ya hapa yana wadudu wengi kuliko uliowahi kunisimulia wa kwenu. Nimefurahi mno, hata nikisema sasa hivi utadhani natia chumvi. Asubuhi naamka napapasa barua yangu chini ya mto. Bado ina unga kwenye mikunjo.

Nataka nikwambie siku ya kuondoka. Jumapili ile Baba alimleta Ghati nyumbani, mara yake ya kwanza. Alikuja na sufuria lake kichwani na mwiko wake mkononi. Akanisalimia vizuri, akasimama uani, hakuusogelea mlango wa jikoni. Unajua mwanamke haingii jiko la mwanamke mwenzake kwa miguu yake tu. Angepika palepale nje kwenye mawe matatu, na wala asingelalamika.

Baba aliingia bandani akajifanya anahesabu kuku.

Mwiko wa Mama ulikuwa bado umetundikwa ukutani, pale alipouacha. Mimi mwenyewe sikuwa nimeutumia, nilikuwa napikia ule mdogo. Niliushusha nikaupangusa vumbi kwa khanga yangu. Nikatoka nao nikampa. Nilikuwa nimeandaa maneno, yakaniishia yote, nikasema tu, "Karibu ndani, Mama." Ghati akauweka wake chini, akaupokea ule kwa mikono miwili, akapiga goti. Tukaingia pamoja. Yeye akasonga ugali, mimi nikapuliza moto, na moshi ulitusaidia, hakuna aliyemuuliza mwenzake kwa nini macho ni mekundu.

Tulikula uani wote watatu. Makongoro, kaka, na mlenda, na ugali wa mtama. Nilihesabu matonge ya Baba mpaka kumi na saba, nikaacha. Hakusema kimekuwa kitamu. Alikuwa hana nafasi mdomoni.

Nasikia umefaulu, basi mwambie Dokta Herman niliifuatilia ile homoni yake mpaka mwisho. Nilipomaliza kula nilijifuta mdomo. Nikauzunguka ua taratibu, nikawaaga kuku mmoja mmoja, hata yule jogoo. Halafu nikajilaza kwenye mkeka wa Mama, kichwa kwenye sanduku langu la safari, nikawa nawasikia wao wawili wanabishana chumvi kule jikoni. Nikasinzia, mara yangu ya kwanza tangu Agosti kusinzia mchana, mpaka Baba aliponigusa bega akasema basi limefika.

Mdogo wako,
Mwanafunzi wa Ualimu Anisia Telesphori